Chembe, Kigae na Punje: Uhakiki wa Istilahi za Kupima Mikroplastiki Ufukweni

Mwongozo mmoja mfupi, uliofasiriwa kwa Kiswahili kutoka lugha ya kigeni, uliletwa kwetu ili tuupitie kabla haujapigwa chapa. Umekusudiwa walimu wa sayansi, wanafunzi wa sekondari na vikundi vya wananchi wa mwambao wanaotaka kupima wenyewe uchafuzi wa plastiki katika mashapo ya fukwe zao. Nia yake ni njema, na hatuna shaka kwamba mfasiri alifanya kazi kwa bidii. Hatutamtaja, wala hatutaitaja taasisi iliyomtuma, kwa kuwa kasoro tutakazozieleza si zake peke yake. Ni kasoro za kawaida katika tafsiri nyingi za kisayansi. Makala hii ina shabaha mbili: kwanza, kuonyesha ni wapi maneno ya mwongozo huo yanampotosha mpimaji, pili, kupendekeza istilahi zitakazomwongoza.

Tungependa kusisitiza tangu mwanzo kwamba suala hili si la urembo wa lugha. Msomaji wa hadithi akikuta neno lenye maana mbili, huenda akafurahi. Mpimaji akikuta neno la namna hiyo, ufukwe mmoja utapimwa kwa njia mbili, na tarakimu zitakazopatikana hazitalinganishika. Tarakimu zisizolinganishika haziwezi kumwambia mtu kama ufukwe wake unazidi kuchafuka au unapata nafuu. Kwa hiyo kipimo chetu katika uhakiki huu ni kimoja tu: Je, watu wawili wasiojuana, mmoja Tanga na mwingine Mtwara, wakiusoma mwongozo huu watahesabu kitu kile kile kwa namna ile ile?

1. Jina la kitu kinachopimwa

Kabla ya kumhukumu mfasiri, ni haki tukumbuke kwamba lugha zilizotangulia kulitumia jina hili nazo zilisumbuka. Vipande vidogo vya plastiki baharini vilielezwa na wanasayansi mwaka 1972, vilipokutwa vikielea katika Bahari ya Sargasso. Lakini jina la mikroplastiki lilienea baada ya mwaka 2004, Richard Thompson na wenzake walipochapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa mashapo yaliyokusanywa katika fukwe na midomo ya mito karibu na Plymouth, Uingereza. Mwaka 2008 wataalamu waliokutana Tacoma, Marekani, walikubali kwamba mpaka wa juu uwe milimita 5. Mwaka 2019 wataalamu wengine walipendekeza mpaka huo ushushwe hadi milimita 1, na kichwa cha makala yao kiliuliza kama watafiti wa plastiki wanazungumza lugha moja. Mwaka uliofuata, waraka wa Shirika la Kimataifa la Usanifishaji (ISO) ulitenga makundi mawili: mikroplastiki, kuanzia mikromita 1 hadi milimita 1, na mikroplastiki kubwa, kuanzia milimita 1 hadi milimita 5. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya kuzuia mikroplastiki zinazotiwa kwa makusudi katika bidhaa. Humo chembe ina mpaka wa milimita 5, lakini uzi unaruhusiwa kufika milimita 15 kwa urefu na bado ukaitwa mikroplastiki.

Basi mfasiri wetu alikuta neno ambalo hata kwao lilikotoka mipaka yake ilikuwa ingali ikibishaniwa. Hilo tunamsamehe. Tusiloweza kumsamehe ni kwamba yeye naye aliligawa mara nne. Katika ukurasa wa kwanza kitu hicho kinaitwa mikroplastiki. Katika ukurasa wa tatu kinaitwa plastiki ndogo. Kwenye jedwali la kujaza hesabu kinaitwa chembechembe za plastiki. Na mwishoni, panapoelezwa namna ya kutoa taarifa, kinaitwa takataka ndogondogo. Huenda alidhani kwamba kurudia neno moja kunachosha, kama tulivyofundishwa katika utungaji wa insha. Katika istilahi kanuni ni kinyume chake: dhana moja, jina moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi anayeona majina manne atakuwa na haki ya kutafuta vitu vinne.

Tuyapime majina hayo moja moja. Takataka ndogondogo halifai kabisa, kwa kuwa takataka ni pamoja na majani makavu, vipande vya chupa, makaa na magamba ya samaki. Plastiki ndogo nalo ni la kukisia: kifuniko cha chupa ni plastiki ndogo ukikilinganisha na ndoo, lakini hakimo katika kundi tunalolipima. Chembechembe ni neno zuri la kueleza, ila si la kuhesabu. Tunaporudufu jina kwa Kiswahili, aghalabu tunataka kuonyesha udogo pamoja na kutapakaa. Tunasema chembechembe za chumvi, vipandevipande vya karatasi. Hakuna mtu anayesema kwamba ameokota chembechembe kumi na mbili. Jedwali la hesabu linahitaji jina linalokubali namba nyuma yake.

Limebaki mikroplastiki. Wapo watakaouliza kwa nini tulipokee neno la mkopo ilhali mababu zetu walijua kuunda. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, hapa tunapendekeza mkopo, kwa sababu mbili. Kwanza, plastiki yenyewe ni mkopo uliokwisha kukaa, na mikro ni kiambishi ambacho mwanafunzi hukutana nacho katika vipimo kama mikromita. Pili, jina lisilo na maana ya kila siku halibebi maana ya pembeni. Linakubali kufungwa na fasili tunayoliwekea. Ni lazima tu fasili hiyo iandikwe, kwa maana mwanafunzi hodari atasema kwamba mikro ni sehemu moja ya milioni, na kitu cha milimita 4 kinaonekana kwa macho bila hadubini. Yuko sahihi. Jina hili halielezi kipimo. Fasili ndiyo inayokieleza. Tahajia nayo ibaki moja. Mwongozo unaandika mikroplastiki mahali pamoja na maikroplastiki mahali pengine, kana kwamba mfasiri aliandika kwa jicho asubuhi na kwa sikio jioni.

2. Aina za chembe: hapa Kiswahili ni tajiri

Mpimaji hahesabu tu. Huzipanga chembe kwa maumbo, kwa kuwa umbo hudokeza asili. Hapa mwongozo umeshindwa mahali ambapo lugha yetu haikuwa na uhaba. Umetumia neno kipande kwa kila chembe iliyookotwa, kisha ukatumia kipande hicho hicho kama jina la aina moja kati ya aina tano. Hivyo jedwali linasema: Jumla ya vipande, 31; vipande, 12; nyuzi, 14; na kadhalika. Msomaji asiyekuwapo ufukweni hawezi kujua kama vipande ni 31 au ni 12. Hili ni kosa la msingi katika uundaji wa istilahi: jina la jamii nzima limefanywa kuwa jina la mmoja wa watoto wake.

Tunapendekeza chembe liwe jina la jumla la kitu kimoja kinachohesabiwa, lenye umbo lolote lile, kama linavyotumika katika sayansi. Aina zake ziwe hizi.

Kigae: chembe iliyovunjika kutoka katika kitu kikubwa zaidi, yenye kingo zisizo laini. Kila aliyewahi kuona mtungi uliovunjika anajua kigae ni nini. Neno hili linabeba historia ya kitu: kigae lazima kilikuwa sehemu ya chombo. Linatuambia kwamba plastiki hii iliingia baharini ikiwa ndoo, kifuniko au dumu, kisha jua na mawimbi vikaivunja.

Punje: chembe ya mviringo au ya umbo la silinda fupi iliyotengenezwa kiwandani ikiwa ndogo hivyo, ili iyeyushwe na kufinyangwa kuwa bidhaa. Punje haikuvunjika kutoka popote. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl ilipoungua na kuzama karibu na Colombo, Sri Lanka, ilikuwa na shehena ya tani zipatazo 1,680 za punje za namna hiyo, na fukwe za nchi hiyo zilifunikwa nazo. Anayekuta punje nyingi ufukweni anatafuta meli, bandari au kiwanda. Anayekuta vigae vingi anatafuta dampo na mifereji ya mji. Mwongozo unaoviita vyote vipande unafuta dalili hiyo.

Uzi, wingi wake nyuzi: chembe nyembamba na ndefu, itokayo katika kamba, nyavu au nguo. Utando: chembe bapa, laini na nyembamba, itokayo aghalabu katika mifuko na vifungashio. Povu: chembe nyepesi yenye vinyweleo, kama ile ya masanduku meupe ya kuhifadhia samaki.

Hakuna hata moja kati ya maneno hayo matano lililohitaji kuundwa. Yote yako midomoni mwa watu. Kazi ya mwanaistilahi hapa ilikuwa kuyachagua na kuyawekea mipaka, na kazi hiyo haikufanywa.

3. Mchanga, mashapo, na mahali pa kuchota

Mwongozo unatumia mchanga kila mahali. Katika ufukwe mweupe wa Paje neno hilo linatosha. Lakini vikundi vilivyokusudiwa vimo pia kando ya mikoko na midomo ya mito, ambako kinachochotwa ni tope. Je, asiyeona mchanga aache kupima? Neno linalofaa ni mashapo: vitu vilivyotuama chini baada ya kuchukuliwa na maji, viwe mchanga, tope au udongo laini. Si neno geni. Mnywaji wa kahawa hulikuta chini ya kikombe chake. Tusilichanganye na machicha, yabakiayo baada ya kukamua nazi, kwani machicha yamechujwa na mashapo yametuama.

Kasoro kubwa zaidi ni maelezo ya mahali. Mpimaji anaambiwa achote sampuli "kando ya bahari, wakati maji yametoka". Kando ya bahari ni pana. Wazee wetu walioishi kwa kufuata maji kupwa na kujaa waliiachia lugha hii msamiati ambao wataalamu wengi wa nchi za mbali wangeutamani. Lenyewe neno pwani limetokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Tuna bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana; tuna maji mafu, siku ambazo tofauti ni ndogo. Plastiki huachwa kwa wingi katika mstari wa maji kujaa, pale mwani na vijiti vinapojipanga baada ya maji kurudi. Mstari wa bamvua uko juu zaidi ya mstari wa maji mafu, na anayechota katika mstari mmoja hawezi kulinganisha hesabu yake na ya mwenzake aliyechota katika mwingine. Ilitosha kuandika: Chota katika mstari wa maji kujaa ulioachwa na bamvua ya mwisho, kina cha sentimita 5 kutoka juu. Mvuvi, mkulima wa mwani na mwanafunzi wote wangeelewa.

4. Kilo ya nini?

Tunafika kwenye sentensi fupi kuliko zote katika mwongozo, na yenye hasara kubwa: "Pima kilo moja ya mchanga." Haikusemwa kama ni mchanga mbichi au mkavu. Tuchukue mfano. Mpimaji amechota kilo moja ya mashapo mabichi, akakuta chembe 40. Ataandika chembe 40 kwa kilo. Mwenzake amechota kiasi hicho hicho, akakikausha, akakuta kimebaki gramu 800, na chembe ni zile zile 40. Ataandika chembe 50 kwa kilo ya mashapo makavu. Ufukwe ni mmoja, plastiki ni ile ile, lakini kwenye karatasi wa pili ameonekana kuwa mchafu zaidi kwa robo nzima. Sifa makavu, ambayo mfasiri aliiacha labda kwa kuiona pambo, ndiyo inayoshikilia hesabu yote.

Watafiti wetu wenyewe wamekwisha kuionyesha njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulichunguza mashapo na kombe katika maeneo 18 ya mwambao wa Tanzania. Katika mkondo wa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, zilipatikana kwa wastani chembe 2,972 kwa kilo moja ya mashapo makavu, kiasi kilichozidi maeneo mengine yote. Mwanafunzi wa Kijichi anayetaka kujua kama hali imebadilika tangu wakati huo lazima apime kwa kilo ya mashapo makavu. Akipima kwa kilo ya mashapo mabichi, atapata tarakimu ndogo, na huenda akatangaza nafuu isiyokuwapo.

Kadhalika kuna wanaopima kwa mita ya mraba. Mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 5 ni lita 50 za mashapo; tukikadiria kwamba lita moja ya mchanga mkavu ina kilo 1.6, tunapata kilo 80. Basi chembe 100 kwa kilo ni sawa na chembe 8,000 kwa mita ya mraba. Mwandishi wa gazeti akipewa tarakimu hizo mbili bila kipimo chake, atadhani ufukwe mmoja umeharibika mara themanini kuliko mwingine. Kwa hiyo tunashauri kwamba neno kiasi lisitumike peke yake. Iandikwe idadi ya chembe kwa kilo ya mashapo makavu, yote, hata kama jedwali litapanuka.

5. Maji ya chumvi

Njia inayoelezwa na mwongozo ni ya kuelesha: mashapo hutiwa katika maji yenye chumvi nyingi, hukorogwa, mchanga huzama, plastiki huelea na kukusanywa. Ndiyo njia iliyotumiwa na wachunguzi wa Plymouth, na inafaa shule zetu kwa kuwa chumvi inapatikana kila duka. Lakini mwongozo unasema tu: "Tia mchanga katika maji ya chumvi." Kwa mtu wa mwambao, maji ya chumvi ni bahari. Atachukua ndoo, atateka maji ya bahari, na atakuwa ametii maandishi.

Matokeo yake ni nini? Densiti ya maji ya bahari ni karibu gramu 1.03 kwa kila sentimita ya ujazo. Polithini na polipropilini, za mifuko na vifuniko, ziko chini ya gramu 1, nazo zitaelea. Lakini polistirini isiyo povu ina karibu 1.05, na nailoni karibu 1.14. Hizo zitazama pamoja na mchanga, ambao una 2.65. Nailoni ndiyo ya mishipi na ya nyavu nyingi. Hivyo, kwa sababu ya maneno matatu yaliyofasiriwa bila uangalifu, kijiji cha wavuvi kitapima ufukwe wake na kutangaza kwamba hakuna plastiki ya nyavu. Maji yaliyotiwa chumvi hadi mwisho wa uwezo wake hufika densiti ya 1.2, na humo nailoni huelea.

Mfasiri mwingine angeandika maji yaliyokolea chumvi. Hilo nalo lina mtego, kwani jikoni chumvi iliyokolea ni chumvi iliyotosha kwa ladha. Sisi tunapendekeza mmumunyo ulioshiba chumvi, yaani maji yaliyotiwa chumvi na kukorogwa hadi chumvi inayoongezwa ibaki chini bila kumumunyika. Kwa lita moja ya maji ni takriban gramu 360. Kitenzi kushiba kinaeleza jambo lenyewe: aliyeshiba hapokei tena. Katika maandishi ya sayansi tutenge pia kumumunyika na kuyeyuka. Chumvi humumunyika katika maji. Barafu, samli na plastiki huyeyuka kwa joto.

Mwongozo unaendelea kusema kwamba "plastiki nzito zitabaki chini". Hapa uzito umebebeshwa mzigo wa densiti. Mtumbwi wa mwembe ni mzito na huelea. Sindano ni nyepesi na huzama. Mwanafunzi aliyefundishwa tofauti hiyo darasani, kisha akaisoma imevurugwa katika mwongozo wa shule yake, atajifunza kwamba maneno ya darasani si ya matumizi. Neno densiti limekwisha kuzoeleka, litumike. Na pia isemwe waziwazi kwamba plastiki za mabomba ya PVC na za chupa za maji ya kunywa zina densiti inayozidi 1.2, kwa hiyo hazitaelea hata katika chumvi iliyoshiba. Watafiti huzielesha kwa mimumunyo mingine, kama vile ya kloridi ya zinki, ambayo si ya kuchezewa na watoto. Mpimaji akijua njia yake inakosa nini, tarakimu yake ni ya kweli ndani ya mipaka yake.

6. Kudhani, kuthibitisha na kuingiwa

Mwongozo unamwagiza mpimaji aandike "plastiki zilizopatikana" baada ya kutazama kwa hadubini. Jicho hudanganyika. Wachunguzi wa Plymouth walipopima kwa mionzi infraredi chembe zilizoonekana kuwa ngeni, takriban theluthi moja tu ndizo zilizothibitika kuwa plastiki. Shule nyingi hazina chombo cha infraredi, na hilo si kosa lao. Dawa yake ni istilahi mbili: chembe dhaniwa, iliyotambuliwa kwa macho, na chembe thibitishwa, iliyopimwa kwa chombo. Shule itoe hesabu ya chembe dhaniwa bila aibu. Maabara ikizithibitisha baadaye, hesabu ya pili itawekwa kando ya ya kwanza.

Vilevile neno uchafuzi limetumika kwa mambo mawili: plastiki kuuharibu ufukwe, na nyuzi za nguo ya mpimaji kuingia katika sampuli. La kwanza ndilo tunalolipima. La pili ndilo linaloharibu kipimo. Tunapendekeza uchafuzi libaki kwa la kwanza, na la pili liitwe mwingilio. Ili mwingilio ujulikane, mpimaji huweka chombo chenye maji safi kando yake muda wote wa kazi, kisha huhesabu nyuzi zilizoangukia humo. Chombo hicho mwongozo unakiita "sampuli ya bure", jina ambalo limetufanya tutabasamu. Kiitwe sampuli tupu.

7. Yaliyo mema

Tusiwe wachoyo wa sifa. Mfasiri ametumia chekeche badala ya kukopa jina la kigeni, na amesema matundu ya chekeche, kama asemavyo mwanamke anayechekecha unga. Ila alipaswa kutaja kipimo cha matundu, kwa kuwa chekeche ya milimita 1 na chekeche ya milimita 0.3 hazitoi hesabu moja. Huo ndio mpaka wa chini, na hesabu isiyo na mpaka wa chini ni kama kisima kisicho na sakafu. Ametumia hadubini, sampuli na wastani kwa usahihi. Sentensi zake ni fupi. Zaidi ya yote, ameamini kwamba kazi hii inaweza kufanywa kwa Kiswahili. Tunaiunga mkono imani hiyo kwa moyo wote.

Kwa nini tumekaza hivi? Nchi yetu ilikwisha kuona neno likiponyoka na plastiki ikaponyoka nalo. Baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, vifungashio viliruhusiwa. Muda si mrefu vifungashio vyepesi vikawa vinabebewa bidhaa sokoni, na mwaka 2021 ikabidi wenye mamlaka wakaze tofauti kati ya kifungashio na kibebeo. Palipo na mwanya katika jina, kitu hupita. Siku moja tarakimu za mikroplastiki zitapelekwa katika vikao vya halmashauri na mahakamani. Zikiwa zimekusanywa kwa maneno yaliyolegea, wakili yeyote atazipangua, na wananchi waliozikusanya watarudishwa kwenye nafasi ya wabeba ndoo: wachote mchanga, wausafirishe, wangoje kuambiwa kwa lugha nyingine ufukwe wao ukoje.

8. Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe kabla ya kusanifiwa:

(a) mikroplastiki: plastiki ya ukubwa usiozidi milimita 5; kila taarifa itaje pia mpaka wa chini uliotumika;
(b) chembe: kitu kimoja kinachohesabiwa, cha umbo lolote;
(c) kigae, punje, uzi, utando, povu: aina tano za chembe kwa umbo;
(d) mashapo; mashapo makavu; mashapo mabichi;
(e) mstari wa maji kujaa, kwa kutaja bamvua au maji mafu;
(f) mmumunyo ulioshiba chumvi; kuelesha; densiti;
(g) chembe dhaniwa; chembe thibitishwa;
(h) uchafuzi, kwa mazingira, mwingilio, kwa sampuli, sampuli tupu.

Tumeurudisha mwongozo kwa wenyewe ili usahihishwe, pamoja na ushauri kwamba usipigwe chapa kabla ya sehemu ya kilo na sehemu ya maji ya chumvi kuandikwa upya. Nyingine zinaweza kurekebishwa kwa kalamu.

Ndugu wasomaji, hasa mlio Pemba, Mafia, Kilwa, Lamu na kwingineko mwambaoni, tunaomba mtuandikie. Tungependa kujua mstari ule wa mwani na takataka unaoachwa na maji kujaa unaitwaje kwenu kwa neno moja. Likiwapo, istilahi yetu ya maneno manne itampisha mwenye nyumba.